Mstari Mwekundu wa Tumboni

Kitu kilichonitoa jasho kuliko basi lolote nililowahi kulipaka rangi kina urefu wa mkono wangu, kuanzia kiwiko hadi ncha za vidole. Ni ndege ya mti. Baba aliichonga mwenyewe hapa nyumbani Nangara, amekaa kwenye kiti cha plastiki kando ya dirisha la sebuleni, maranda yanajaa kwenye zulia langu mpaka nikachoka kusema.

Mimi ni mwanamke, na ni fundi rangi wa magari. Gereji yetu iko kandokando ya barabara ya kwenda Singida, na mteja mgeni akifika akanikuta na bunduki ya rangi mkononi, ovaroli imetapakaa rangi kifuani, bado ataniuliza fundi yuko wapi. Huwa namjibu kwamba fundi katoka, asubiri kidogo, halafu naendelea na kazi mpaka aone haya mwenyewe. Nayasema haya ili ieleweke kwamba kazi naijua. Mzee wetu wa gereji, aliyenifundisha, alikuwa na mtihani mmoja tu. Ukimaliza gari la rangi mbili, anafumba macho, anapitisha kidole kutoka rangi hii kwenda ile. Kidole kikihisi mpaka uko wapi, unarudia. Alikuwa anatuambia tupige msasa mpaka kidole kisijue. Wenzangu walirudia sana, mimi nilirudia mara mbili tu katika miaka yote niliyokaa naye, na hilo nimelibeba kichwani kama cheti.

Baba naye, ujanani, kabla hajapata shamba lake kule juu Mbulu, alikuwa mshika bendera kwenye mashamba makubwa ya ngano. Ndege ya kunyunyizia dawa ilikuwa ikija chini kabisa, na rubani alihitaji mtu wa kumwonyesha mstari wa kufuata. Baba alisimama mwisho wa shamba na kitambaa cheupe juu ya fito, ndege ikaja imemlenga yeye, na kabla haijafika alitakiwa awe ameshahesabu hatua zake na kuhamia mstari unaofuata. Lakini hakuwa akihama mapema. Alikuwa akisubiri impite kichwani kwanza, ndipo akimbie. Msimamizi alimgombeza kila siku, na kila siku akarudia. Hadithi hiyo tumeisikia watoto wote mpaka tunaweza kumsimulia yeye.

Kuna siku ndege hiyo iliharibika, ikalala shambani siku mbili, na baba akapata nafasi ya kuipima kwa miguu. Hatua kumi na moja kutoka pua hadi mkia, hatua kumi na saba kutoka bawa hadi bawa. Alipoanza kuichonga, uzeeni, kila hatua aliifanya vidole viwili. Ukimuuliza kipimo anakuonyesha vidole vyake viwili amevibana pamoja, basi, mjadala umeisha. Gurudumu lilitoka kwenye kifuniko cha chupa ya dawa ya kikohozi, na kile kitu chote kilikaa sawa hivi kwamba nilipokishika mara ya kwanza nilikigeuza juu chini nikitafuta kosa.

Alichonga kwa vidole zaidi kuliko kwa macho. Jicho la kushoto lilikuwa limeshakufa kabla hajahamia kwangu, baada ya mama kufariki. La kulia ndilo lililokuwa linakwenda. Daktari wa macho alituambia ni presha ya macho, kwamba kilichopotea hakirudi, kwamba matone ni ya kushikilia kidogo kilichobaki. Nikamuuliza kitashikiliwa mpaka lini. Akasema hilo hawezi kuniambia, na akaniangalia kwa huruma ambayo sikuitaka. Baba alikuwa anaona kupitia tundu tu, katikati, pembeni kote giza. Akiwa kwenye kiti chake alijipima kwa nondo za dirisha. Ziko saba. Siku aliyonikabidhi ndege alikuwa anaziona tano bila kugeuza shingo.

Alinikabidhi kwa mikono miwili, kama mtu anayetoa zawadi kanisani.

"Nipakie rangi, mama. Nataka niione ikinipita tena kabla tundu halijaziba."

Nikasikia "niione" tu. Neno lililofuata lilinipita, na mpaka leo sijui lilipitia wapi, maana alilisema taratibu na mimi sina tatizo la masikio.

Rangi yake alikuwa anaijua vizuri. Njano mwili mzima, na mstari mwekundu kila upande. Mstari unaanzia puani, unapita chini ya dirisha la rubani, unateremka pole pole hadi tumboni, na huko chini unakutana na mwenzake wa upande wa pili karibu na mkia. Nikamwambia Jumamosi atapata ndege yake. Siku hiyo ilikuwa Jumatatu.

Kwenye gari, kazi ya mstari ni kuziba. Unaziba kwa tepu ya karatasi na magazeti yale yote usiyotaka yapate rangi, unapiga rangi palipobaki wazi, unabandua. Mlango wa gari ni mpana na umekaribia kunyooka. Unavuta tepu kwa mikono miwili kutoka taa ya mbele hadi ya nyuma, unaikandamiza kwa kidole gumba, imekwisha. Pua ya ndege ya baba haikuwa na mahali palipo bapa hata pa kulaza punje ya mchele. Nikilaza tepu upande wa juu, upande wa chini unakunjamana kama pindo la sketi iliyoshonwa na mwanafunzi. Nikikandamiza mkunjo huu, unazaliwa mwingine pale. Nikajiambia si kitu, nikapiga rangi nyekundu, na nilipobandua, kila mkunjo ulikuwa umeingiza rangi chini yake. Sisi gereji tunaziita ndevu. Ndege ilikuwa na ndevu kuanzia puani mpaka chini ya bawa.

Nilicheka siku ile. Nilimwambia baba kwamba ndege yake imeota ndevu, naye akacheka, akasema hata rubani alikuwa nazo. Sikujua bado kwamba kila kosa la dakika moja lingenigharimu karibu juma zima. Ni kupiga msasa upya, praima ya kutangulia rangi, njano mara mbili, halafu kusubiri, kwa sababu ukibandika tepu kwenye njano ambayo haijakomaa, tepu inaondoka nayo. Na masika ndiyo yalikuwa yameanza, mlima umejifunika wingu tangu asubuhi, hakuna kinachokauka, hata soksi.

Mara ya pili nilijifanya mjanja, nikachukua tepu nyeusi ya umeme, ile inayovutika. Hiyo ilizunguka pua kwa adabu kabisa. Nikaivuta, ikakaa, nikaipenda. Kabla sijawasha kompresa ya kupulizia rangi umeme ukakatika, nikasema nitapiga kesho. Kumbe tepu iliyovutwa haisahau. Usiku kucha ilikuwa inajirudi kidogo kidogo, na upande wa ndani wa kona ilikuwa imenyanyuka unene wa ukucha. Mimi asubuhi nikapiga rangi bila kuangalia vizuri, nina gari la mteja linanisubiri. Nilipobandua, mstari ulikuwa mnene puani, mwembamba dirishani, halafu mnene tena. Niliitupa ile tepu mpaka kwenye mtaro wa gereji nikaitukana. Mzee wetu wa gereji akaniuliza natukana nini, nikamwambia natukana tepu, akaniambia tepu haina kosa.

Jioni ile baba aliniambia nondo ni nne. Hakuniambia kwa kulalamika. Aliniambia kama anavyoniambia kwamba maziwa yameletwa.

Hapo ndipo nilipoacha kucheka. Nilijaribu kuziba kwa mafuta ya kupaka, yakateleza. Nilijaribu gundi ya maji, ikameza rangi. Naamka naiona ndege mezani, njano tupu, naiona kama inaniuliza swali. Mimi niliyezoea kupewa gari lililopinduka nikalirudisha kama lilivyotoka kiwandani, nimeshindwa na kipande cha mti wa mringaringa. Usiombe. Ningekuwa na mtu wa kumlaumu ningemlaumu, lakini pale alikuwepo baba tu, na kosa lake lilikuwa kuniamini.

Ni yeye aliyenitoa. Alikuwa ananisikiliza nikihangaika na tepu mezani, nikiivuta na kuibandua, akauliza kwa nini naivuta. Nikamwambia ili inyooke. Akasema kwenye mgongo wa kilima kamba ukiivuta inaruka bonde. Kule juu, alipokuwa anachimba makinga maji shambani ili udongo usichukuliwe na mvua, hakuvuta kamba. Alipigilia kigingi hapa, akapima, kingine pale, akapima, halafu akaviunganisha kipande kwa kipande. Ukisimama ndani ya shamba, kinga limepinda kama nyoka. Ukisimama ng'ambo, limenyooka. Nililijua shamba lile tangu utotoni, nimelilima, nimechapwa ndani yake, na sikuwahi kuuliza limenyookaje.

Basi nikafanya kama shamba. Nikatia nukta za penseli kwenye njano, moja baada ya nyingine, naizungusha ndege na kuitazama kwa mbali, nasogeza nukta, natazama tena. Nikalaza tepu ya karatasi juu ya kioo, nikaikata kwa wembe kuwa nyuzi nyembamba za upana wa tambi, maana uzi mwembamba unakubali kupinda bila kununa. Nikazilaza bila kuzivuta, nukta hadi nukta. Nyuma yake ndipo nikaweka tepu pana na gazeti. Kisha nikapiga njano nyepesi juu ya kingo za tepu, ili kama kuna mwanya uzibwe na njano, siyo nyekundu. Hilo lilinijia lenyewe, na najivunia. Nikapiga nyekundu. Nikabandua ikiwa bado na unyevu kidogo, naikunja tepu juu ya mgongo wake, pole pole, pumzi nimeibana.

Ilikuwa imetoka. Upande wa kushoto, upande wa kulia, puani, chini ya dirisha, mstari ulikwenda kama umezaliwa na ile ndege. Nikapiga msasa wa maji kwenye mpaka, nikafumba macho, nikapitisha kidole. Kidole hakikujua kitu. Nikaweka klia, ile rangi angavu ya kumalizia, juu yake ikang'aa.

Tumboni, mistari inapokutana, hapakuwa hivyo. Pale nyuzi zangu ziliishia, zikapandiana, nikaweka kipande kipana kufunika, na rangi ikapenya, ikaacha doa na kijituta cha kuhisika. Niliona. Nikaacha. Katika gari, chini hakuna anayeangalia. Tunapiga rangi milango, boneti, paa, na chini tunapiga nyeusi kwa haraka, mteja hajawahi kuinama. Sikufikiria hata kidogo kwamba hii siyo gari.

Siku hiyo nondo zilikuwa mbili. Nilimletea ndege mchana, nikasimama mbele yake, nikaishika ubavu ukimwelekea, usawa wa jicho, kama ninavyomwonyesha mteja mlango wake. Akaipokea. Hakuutazama ubavu. Aliinyanyua kwa mikono miwili juu ya kichwa chake, akainamisha shingo nyuma mpaka ikagusa kiti, akaanza kuipitisha, taratibu, kutoka dirishani kuja ukutani, juu ya uso wake. Mdomo ukafunguka. Akairudisha, akaipitisha tena.

Ikinipita. Ndivyo alivyosema. Yeye ile ndege hakuwahi kuitazama ubavuni ikiruka, alikuwa chini yake na fito mkononi. Alichokuwa anakikumbuka miaka yote ni tumbo.

Mkono wake ukasimama. Kidole gumba kilikuwa kimegota kwenye kile kijituta. Akasogeza ndege karibu na tundu lake, akatazama.

"Hapa pamechafuka kidogo," akasema.

Nikanyoosha mkono niichukue, nikamwambia nitaparekebisha, siku nne tu. Hakuiachia.

"Acha, mama. Imetosha. Nimeiona."

Na mimi, fundi mwenye cheti chake kichwani, nikaitoa mikononi mwake. Sikumpokonya, jamani, lakini niliivuta, na yeye akaachia kwa sababu hajawahi kushindana na mimi tangu nikiwa mdogo. Nikasema haiwezekani baba yangu akae na kazi chafu. Nikasema nitamletea ikiwa safi kabisa. Siku ile nilidhani namfanyia yeye.

Siku nne zikawa kumi na moja. Mvua haikukatika. Nilipiga msasa tumbo lote mpaka kwenye mti, nikaanza upya na nukta zangu. Hewa ilikuwa na maji mengi, njano ikatoka na ukungu mweupe, nikaipiga msasa tena. Nikasubiri jua nusu siku, nikapata saa moja. Nikipita sebuleni asubuhi baba alikuwa ananiuliza imefikia wapi, nami namwambia bado kidogo, huku nafunga kamba za viatu. Sikumuuliza nondo ni ngapi. Naapa kila siku nilikuwa nakusudia kumuuliza jioni. Nadhani niliogopa jibu lingenifanya nimpe ndege yenye doa.

Nilipoimaliza, ilikuwa kazi bora kuliko zote nilizofanya. Mistari miwili ilikutana tumboni karibu na mkia bila kupishana hata upana wa unywele. Nilipiga msasa mpaka ukaisha ule laini kuliko wote, nikaweka klia mara tatu. Mzee wetu wa gereji alifumba macho, akapitisha kidole tumboni, akarudia, akarudia tena, halafu akanirudishia ndege, akaendelea na kazi yake. Kwake hiyo ndiyo sifa.

Nilifika nyumbani mchana, mvua imetulia, mwanga umejaa sebule nzima. Baba alikuwa kwenye kiti chake, uso ameuelekeza dirishani. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, lakini hakugeuka kunitazama kwa tundu lake kama kawaida. Nikaweka ndege mikononi mwake.

Akainyanyua juu ya kichwa. Akaipitisha mara moja. Kisha akaishusha mpaka kifuani, na kidole gumba kikaanza safari, kutoka puani, chini ya dirisha la rubani, kikateremka tumboni, kikafika mkiani. Kikarudi. Kikapita tena njia ile ile, polepole zaidi, kikikandamiza.

"Mstari umeuweka, mama?"

Nilimwambia nimeuweka. Akaniuliza uko wapi. Nikachuchumaa mbele ya kiti, nikakishika kidole chake nikakipitisha juu ya ule wekundu, nikimwambia unaanzia hapa, hapa ni chini ya dirisha, hapa unateremka, hapa unakutana na mwenzake. Kidole kilinifuata kama mtu anayeongozwa kwenye nyumba asiyoifahamu. Tulipofika mwisho akaniuliza kama umenyooka. Nikamwambia umenyooka, na ni kweli umenyooka.

Akasema asante. Akasema klia imekubali, ni laini sana.

Ilikuwa juzi tu, na matone bado tunayatia asubuhi na jioni kwa sababu daktari hajasema tuache. Ndege anakaa nayo mapajani karibu kutwa nzima. Nikiwa naosha vyombo namwona kupitia mlango. Anainyanyua, anaipitisha kichwani, anaishusha, halafu kidole gumba kinakwenda tumboni, karibu na mkia, pale palipokuwa pamechafuka, kinazungukazunguka. Anakitafuta kile kijituta.